Timu ya Padri

Nikisikia harufu ya maganda ya korosho yakiungua, hata nikiwa stendi ya Masasi, vidole vyangu hujikunja kama vimeshika gazeti.

Mwaka ambao malori ya wanunuzi binafsi yalianza kuja kugombea korosho zetu, Babu alikuwa haoni tena. Padri Mwingereza aliyembatiza, sasa amestaafu kwao, alimtumia magazeti yenye habari za timu ya mji wake, timu ya daraja la pili. Bibi akichoma korosho uani, mimi niliitwa barazani nimsomee Babu matokeo. Timu ilifungwa, ikafungwa tena, na Babu akawa hagusi ugali. Siku moja nikasema imeshinda. Akala, akaomba mboga zaidi. Gazeti lililofuata, ikabidi ishinde tena.

Msimu ulipokwisha, timu ilishuka daraja. Mimi nilikuwa nimeshaipandisha.

“Chukua kalamu,” Babu akasema. “Tumpongeze padri.”

Nikaandika. Shangazi akaipeleka barua posta ya Newala.

Jibu lilifika. Babu alivaa shati la kanisani, akanisogezea kigoda, akatega sikio.

“Soma, mjukuu wangu. Usiruke hata neno.”

Nikasoma salamu. Kisha nikazisoma tena salamu.