Vikapu vya Mama katika Duka la Nguo za Kale

Niliingia katika duka lile kwa sababu ya gauni. Tulikuwa tunamuaga mdogo wangu anayeolewa, nami nilikuwa nimechoka kushona vitenge vya sare. Mwalimu mwenzangu, tunayefundisha naye Nyanga, hapa Bukoba, akaniambia nijaribu Rwamishenye, kwa mama mmoja anayeuza nguo za zamani. "Siyo mitumba ya kumwaga chini," alisema. "Utaona mwenyewe."

Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Ukuta mmoja umejaa magauni ya maua yenye mikanda, suruali za bugaluu, na makoti ya sufu yaliyokaa kwenye masanduku ya familia za mjini tangu wazazi wetu wakiwa vijana. Kwenye ukuta wa pili kuna mikeka, vibuyu na vitambaa vya magome ya mti. Hakuna nguo isiyopigwa pasi, wala kifungo kinacholegea. Mwenye duka ni mjane wa Kiislamu, mzaliwa wa Bukoba, ingawa babu yake alitoka pwani. Siku ile alikuwa amevaa mtandio mweupe, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Nilijaribu gauni la bluu. Akanizunguka mara moja.

"Hili halikupendi, mwanangu. Vua."

"Lakini mimi nalipenda, mama."

"Unalipenda likiwa kwenye hanga."

Akaniletea jingine la kijani kibichi, ambalo alikuwa amelibadilisha zipu na kulipunguza kiunoni kwa mkono. Nilijitazama kwenye kioo. Kwa mara ya kwanza niliona mabega yangu yana umbo.

Nilipotoka nyuma ya pazia nilimkuta amesimama mbele ya kikapu changu. Kilikuwa kidogo, chenye mfuniko, na ndani nilikuwa na kahawa za kutafuna nilizotoka nazo nyumbani Kimwani. Akaomba ruhusa, akazimimina kahawa juu ya kitambaa, kisha akakigeuza kikapu na kutazama kitako chake kwa muda mrefu.

"Nani kasuka hiki?"

"Mama yangu. Ni cha kijijini tu."

"Hapo kwenye 'tu' ndipo ulipokosea," alisema. "Nipeleke kwake."

Niliona haya. Nilipokwenda shule ya bweni, wenzangu walikuja na ndoo na mifuko mipya, mimi nikaja na vikapu vya mama, na nilivificha chini ya kitanda muhula mzima. Sijawahi kumwambia mama jambo hilo.

Wiki mbili baadaye tulipanda basi la asubuhi hadi Muleba mjini, tukaunganisha hadi Kimwani. Mama alitupokea vizuri, akatupa kahawa, akamsikiliza mgeni akimwomba vikapu vya kuuza dukani. Kisha akakataa.

"Waitu, ndugu yangu, kikapu unampa mtu anayeolewa, au aliyejifungua, au unakwenda nacho kusalimia. Nikimuuzia mtu nisiyemjua, nitakuwa nimemsalimia nani?"

Nilitaka kuingilia kati, nimweleze mama kwamba dunia imebadilika. Mwenye duka akanitangulia.

"Ni kweli," alisema. Akaomba kisu, akakaa chini na mama, wakamenya ebitoke, ndizi za kupika mchana, huku wakiulizana habari za watoto na za maumivu ya magoti.

Baada ya kula mama aliingia ndani akarudi na gauni la rangi ya maziwa. Ndilo alilovaa siku baba alipokuja kujitambulisha kwao. Kwapani lilikuwa limechanika na mende walikuwa wametoboa kifua. Hakuomba litengenezwe. Alitaka tu kumwonyesha mtu atakayeelewa.

Mgeni alilipokea kwa mikono miwili. "Unaniruhusu?"

Mama akaitikia kwa kichwa. Mgeni akachomoa sindano kwenye mkoba wake, akafumua pindo la chini kwa ndani, akakata kitambaa pale ambapo pasingeonekana, na kwa kitambaa hichohicho akaziba matundu ya kifuani. Viraka vyake vilikuwa na rangi ileile kwa sababu vilikuwa vimezeeka pamoja na gauni. Alishona hadi jioni. Mama aliacha shughuli zote akakaa kuitazama mikono ile, na niliutambua utazamaji wake: ndivyo anavyotazama kikapu cha mtu anayejua kusuka.

"Kasinge waitu," alimshukuru kazi ilipokwisha. Akalipapasa gauni. "Vikapu nitavileta mwenyewe. Lakini mnunuzi nimwone kwanza."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi moja kila mwezi mama hulala kwangu Nyanga, na asubuhi hukaa kwenye mkeka mlangoni mwa duka. Mteja wake wa kwanza alikuwa bwana mmoja aliyevaa vizuri, mgeni mjini, ambaye alichagua kikapu kikubwa kuliko vyote.

"Utaweka nini ndani?" mama alimuuliza.

"Nitakiweka mezani, ni pambo."

"Hapana. Ndani yake, utaweka nini?"

Bwana yule akacheka, halafu akaona mama hacheki. Mama akakichukua kikapu taratibu mikononi mwake akakirudisha kwenye mkeka. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwenye duka, ambaye ndiye aliyekuwa anampoteza mteja, alisema kwa upole tu, "Baba, kafikirie. Tupo."

Bwana yule aliondoka, akarudi kabla ya adhuhuri. Alichuchumaa mbele ya mama. "Nitaweka kofia za marehemu baba yangu," alisema. "Ziko kwenye mfuko wa plastiki tangu tulipomzika."

Mama alisimama, magoti yake yakimuuma, akampa kikapu.

Siku hizi mwenye duka anajifunza kusuka. Mwanamke ambaye nusu ya mabibi harusi wa mji huu wamepita chini ya sindano yake, anakaa kwenye mkeka kama mwanafunzi wangu wa darasa la kwanza.

"Fumua," mama humwambia.

"Yote?"

"Yote."

Naye hufumua bila kununa, huweka miwani sawa, huanza tena. Jumamosi iliyopita alifumua mara tatu. Mteja akaingia akiulizia koti la sufu, wala hakuna kati yao aliyeinua kichwa. Nikaichukua futi nikaenda kumpima.