Sahani ya Maharage kwa Mke wa Adui

Mama yangu alinifundisha kusoma Biblia asubuhi, kabla ya kushika jembe. Alisema neno ulilosoma usipolitenda, linaharibika moyoni kama maziwa yaliyosahauliwa kibuyuni. Basi nilikuwa nikisoma kipande kifupi tu, kisha napanda nacho shambani, hapa kwenye vilima vya Mushaki, nikikiwaza huku napalilia maharage. Mara nyingi kilikuwa chepesi kutenda. Nikisoma habari za ulimi, siku hiyo nilinyamaza hata mbuzi wa jirani alipoingia shambani kwangu. Nikisoma habari za wageni, nilimkaribisha muuza chumvi apumzike na kunywa maziwa. Nilidhani kuishi Neno ni hivyo tu.

Kisha vita vikatufikia. Watu wenye silaha waliingia kijijini mchana, wakachoma nyumba za upande wa juu. Kaka yangu alikuwa amerudi kuwafungulia ng'ombe wake, wakampiga risasi palepale zizini. Hatukupata hata kumzika. Sisi tulikuwa tumekwisha kukimbilia bondeni, wanawake wakimshika mke wake asirudi nyuma.

Tulishuka mpaka Kirotshe, kando ya ziwa, tukalala na watoto wetu katika darasa la shule pamoja na jamaa nyingine. Niliendelea kusoma kila asubuhi, lakini kurasa za habari za maadui nilizipita. Siku moja sikupita. Nilisoma kwamba adui akiona njaa alishwe. Nikafunga kitabu, nikajiambia kwamba adui zangu wana bunduki, njaa hawana.

Bunduki ziliponyamaza, tulirudi. Nyumba yetu ilikuwa imesimama, na moshi ulikuwa ukitoka jikoni kwangu. Mwanamke kijana alitoka mlangoni akiwa amejifunga kitenge changu, tumbo lake kubwa, miguu imevimba. Nyuma yake alisimama mwanamke mzee, mama mkwe wake.

"Mama, mutusamehe," yule kijana akasema. "Tulikuta nyumba iko wazi. Tulitoka Walikale na miguu, hatuna fasi ya kwenda."

Kabla sijajibu, jirani yetu aliita kutoka ng'ambo ya ua. "Uyu mwanamuke, bwana yake njo mumoja wa bale walituunguzia manyumba. Mumuulize."

Nilimuuliza. Hakukana. "Ni kweli," alisema. "Alienda nabo. Sijue kama iko muzima ao alikufa."

Mume wangu aliweka mzigo chini. "Watoke leo."

"Papa, huyu amekaribia kuzaa," nikamwambia. "Atoke aende wapi?"

"Na kaka yako, yeye alienda wapi?"

Niliingia jikoni. Maharage yaliyokuwa motoni yalikuwa yangu, niliyoyaacha kwenye gunia. Nilipakua sahani, nikampelekea yule mwanamke bila kumtazama usoni. Upendo sikuusikia hata kidogo. Nilitenda kwa sababu nilikuwa nimesoma, na nilijua nisipotenda sitaweza tena kukifungua kitabu kile.

Wakabaki, wakilala jikoni. Mume wangu hakusema nao. Mjane wa kaka yangu alipopata habari alinifuata shambani. Hakupaza sauti.

"Unalisha nyumba ya yule aliyemuua kaka yako," alisema.

"Sijui kama ni yeye aliyemuua."

"Wala hujui kama si yeye."

Akaondoka. Tangu siku ile ibadani alihamia benchi la upande mwingine.

Uchungu ulimshika yule mwanamke asubuhi ya mvua. Hadi mchana mtoto hakuwa ametoka, na mama mkwe wake, aliyekwisha kuzalisha wengi, akaniambia mkono wa mtoto umetangulia. Muuguzi wa kwetu alikuwa amekimbia vita, hakuwa amerudi. Motari pekee tuliyempata alitazama damu, akawasha pikipiki yake akaenda. Ilibaki kumbeba kwa tipoyi, kile kitanda cha miti ambacho wanaume hukichukua mabegani, mpaka hospitali ya Kirotshe.

Nilipita mlango kwa mlango kwa wanaume tunaosali nao. Mmoja alisema mgongo unamuuma. Mwingine alinifungia mlango. Wawili walikubali, wakaja wameinamisha vichwa kana kwamba wanakwenda kuiba. Wawili hawatoshi kushuka na tipoyi katika matope. Tulisimama uani, na yule mwanamke analia kwa sauti ndogo, mpaka mume wangu alipotoka ndani. Alishika mti wa mbele. Ndipo jirani yetu, yule aliyetuambia habari zake, naye akaruka ua akashika mti wa mwisho.

Nilitembea kando yake nimemshika mkono. Aliniomba maji, nikampa. Aliuliza kama ziwa linaonekana. Nikamwambia bado kidogo. Baadaye mkono wake ukawa mzito. Niliwaambia wanaume washushe tipoyi. Mama mkwe alimfumba macho, kisha akaweka kiganja juu ya tumbo, akangoja, akakiondoa.

Tulimrudisha. Kijijini walikataa azikwe pamoja na watu wao, na sikuweza kuwalaumu, maana wengine walikuwa hawajapata mifupa ya kuzika. Mume wangu alichimba kaburi mwisho wa shamba letu. Hakuja mchungaji. Nilifungua kitabu, nikakifunga, basi tukafukia udongo.

Usiku watoto walipolala nilimuuliza mume wangu kwa nini alishika ule mti.

"Alikuwa analia kama dada yako alivyolia mwaka ule alipofia uzazi," alisema.

Mama mkwe yule yuko kwetu mpaka leo. Mwanawe hajasikika. Tunapalilia pamoja, na asubuhi husogeza kigoda chake karibu ili nimsomee, kwa kuwa yeye hajui kusoma. Kuna kurasa ambazo kwazo hulia, nami nangoja amalize.

Mjane wa kaka yangu hupita njia ya chini akienda kuteka maji. Nikimsalimu, hutazama mbele. Ninaendelea kumsalimu.