Herufi za Mpera

Harufu ya mafuta ya taa ikinifikia puani, hata leo, hunirudisha Kasongo. Taa yenyewe siioni. Naona meza ndefu, matambara meusi, na vidole vya Baba vikisugua herufi za risasi mojamoja ili kuondoa wino uliokauka. Kila jioni alirudi nyumbani na harufu hiyo. Tuliisikia hata kwenye bugali, na Mama alizoea kulalamika kwamba hakuolewa na mtu, aliolewa na koroboi.

Ninyi mnaonisoma nitawaambia jambo ambalo kwetu halikuzungumzwa: jinsi nilivyochonga jina la mdogo wangu Kalume angali hai, bila kujua kwamba ni jina lake.

Ilikuwa enzi ya Wabelgiji. Baba, aliyeitwa Paulo, alikuwa mtu wa Lusangi aliyekuja Kasongo kufuata shule akabaki kwa ajili ya kazi. Alipanga herufi katika nyumba ya chapa ya misheni. Kila sala na kila wimbo uliochapwa pale ulipita vidoleni mwake. Aliokota herufi kutoka sanduku lenye vijumba vingi, akazipanga katika kishikio cha chuma, zote zikiwa zimegeuka kinyume ili zikibanwa kwenye karatasi zitoke sawa. Maandishi hayo ya kinyume aliyasoma haraka kuliko wengi wanavyosoma ya kawaida.

Taabu yake ilikuwa K. Herufi zilitoka Ulaya, na aliyezifunga kule alifikiria Kifaransa, lugha isiyohitaji K sana. Kiswahili chetu hakiendi hatua mbili bila K. Baba alikuwa akifika katikati ya ukurasa, kijumba kikawa kitupu. Padri aliandika Ulaya kuomba nyingine, na baada ya kungoja sana lilikuja sanduku lenye Q na X za kutosha kulisha kuku. Basi Baba akaanza kuchonga K za mti wa mpera.

Mimi Feza, binti yake mkubwa, nilijifunza kazi hiyo nikiwa nimechuchumaa miguuni pake. Mama alitaka niende kwa masista nikajifunze kushona. Baba alimjibu kwamba na huku ni kushona tu, ila sindano ni kisu. Alinifundisha kuacha mti ukauke juu ya moshi wa jikoni misimu miwili ya mvua, kwa maana mti mbichi huvimba na herufi ikasimama juu ya wenzake. Alinifundisha kulainisha kingo kwa majani ya msasa, kisha kupitisha herufi juu ya moshi wa koroboi na kuibana kwenye karatasi, ili masizi yaonyeshe kisu kilipokosea. Zaidi ya yote alinifundisha nafasi. "Muachilie mwenzake pa kupumua," alikuwa akisema, akinionyesha jinsi A na L zisivyokaa pamoja kama A na M. Na siku ya kwanza kabisa nilipochonga K iliyoangalia mbele, alinigonga vidole kwa ubao wa rula. Herufi isiyogeuka haichapi.

Ndipo Kalume akaugua. Surua ilikuwa inapita mtaa kwa mtaa, upande wa msikitini na upande wa kanisani bila kubagua. Mimi niliwahi kuugua surua nikapona, na watoto wa jirani walipona, kwa hiyo sikuogopa. Nilimwonea wivu kidogo kwa sababu alipewa asali.

Siku moja Baba alirudi adhuhuri, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alikuwa na vipande vya mpera vikubwa kama kiganja cha mtu mzima.

"Feza, unikatie M," akasema. "Na E. Zikiisha nitakuambia zingine."

"Za nini, papa?"

"Iko kazi tu. Lakini hizi usigeuze. Uzikate vile mutu anasoma."

Nilifurahi kupita kiasi. Sikuwa nimewahi kupewa herufi kubwa. Nilijua kwamba misheni ilikuwa inaandaa kitabu kipya cha kusomea, na moyoni niliamua kwamba hizi ni za jalada lake, na kwamba zilizobaki za jina la kitabu zitakuja baadaye. Ila lile agizo la mwisho lilinisumbua. Nilimtazama Baba: macho mekundu, shati la juzi. Alikuwa hajalala. Nikasema moyoni, amechoka, ameteleza ulimi. Nikizichonga zikiangalia mbele ataaibika mbele ya Padri. Basi nikazigeuza, kama binti wa mpanga chapa anavyotakiwa, na nikajivunia akili yangu.

Nilifanyia kazi mlangoni mwa chumba alimolala Kalume. Baada ya M na E Baba aliniagiza L, kisha U, kisha A na K. Kila moja ikikamilika nilimpelekea Kalume aishike. Mikono yake ilikuwa ya moto. Aliipitisha herufi shavuni kwa sababu ilikuwa laini na ya baridi.

"Hii iko ya nani?" aliniuliza.

"Iko ya kitabu."

"Na mie mutanipa?"

"Tutakupa. Wewe wa kwanza."

Akaridhika. Alilala akiwa ameishika K kifuani, nami nikaichomoa polepole ili jasho lisiivimbishe. Herufi zote nilizifunga katika kitambaa nikampa Baba. Hakukifungua. Alikitia katika mfuko wa koti akarudi kukaa kando ya mkeka.

Kalume alifariki alasiri ya mvua. Mama alilia mpaka sauti ikakatika, na wanawake Waislamu wa jirani wakaja kukaa naye chini pamoja na wetu.

Makaburini, fundi seremala alikuwa ameleta msalaba. Baba alitoa kile kitambaa kutoka mfukoni, akakifungua, akaanza kuzipanga herufi juu ya ubao. Nilikuwa nimesimama katikati ya wanawake. Niliziona zikikaa moja baada ya nyingine, K, A, L, U, M, E. A, U na M hazijali upande. Zile nyingine tatu, K, L na E, zilikuwa zimewapa watu kisogo; nilizichonga uso mmoja tu, na miguu mirefu kuliko mikono, hata kuzipindua kusingezitengeneza.

Padri alisogea akasema kwa sauti ndogo, "Paulo, zimegeuka hizi. Tengeneza zingine, tutangojea."

"Tuziache, Padri," akajibu Baba, akachukua nyundo.

Kwetu, mtu angali anapumua haandaliwi chochote cha kaburi, hata ubao hauguswi, kwa kuwa kufanya hivyo ni kukiita kifo. Baba alikuwa amekiita, tena kwa mikono yangu. Niliumia kuliko ninavyoweza kueleza. Sikurudi tena kwenye meza ile ya herufi. Nilienda kwa masista nikashona, na Baba hakuniuliza kwa nini. Kila mwaka, siku ya marehemu wote, tulipaka msalaba chokaa, na kila mwaka nilitazamia kuona herufi mpya. Mpera mkavu ulikuwepo juu ya jiko, visu vilikuwepo. Herufi hazikubadilishwa. Niliamini kwamba aliziacha makusudi, ili nikumbuke kwamba sikumsikiliza. Hilo ndilo lililonikausha moyo.

Nilipokuwa mtu mzima herufi zilinirudia, maana kushona hakujawahi kunipenda. Nimeandika vibao vya maduka na misalaba, toka Kasongo hadi Kabambare, na majina ya wafu wa watu nimeyachonga nikizungumza na wateja, mkono wangu umetulia.

Kisha Baba akafa, mzee, huko kwao Lusangi. Baba mdogo akasema, "Jina atakata Feza. Nani mwingine?" Nikakaa na ubao wangu na patasi yangu. P ya kwanza niliipasua. Ya pili pia. Sikuwa nikilia, macho yalikuwa makavu na yaliona vizuri, lakini mkono haukunisikia. Jua lilipozama nilikuwa na vipande tu. Kijana wa jirani alichukua rangi akaliandika jina, limepinda, herufi zimebanana bila pa kupumua, nami nikamshukuru.

Nikiwa nimesimama mbele ya jina lile ndipo nilipomwelewa. Alikuwa ameona watoto wengi wakienda na surua, na alijua anachokiona machoni mwa Kalume. Alijua pia kwamba siku ikifika hapatakuwa na mkono wa kufaa nyumbani mwetu, naye alitaka jina la mwanawe lichongwe na mtu mwenye furaha. Na zile tatu hakuziacha ili kunikomoa. Alizijaribu, nina hakika, jioni nyingi, akiwa peke yake na kisu, akashindwa. Mtu wa pekee ambaye Baba angeweza kumwambia hayo alikuwa binti yake, na binti yake alikuwa hapo mezani, anakula amenyamaza.