Samadi Mbichi Kwenye Shina

Sogeza kigoda, mwanangu, nikusimulie habari ya michungwa yetu ya Dutwa. Nakumbuka asubuhi moja, nikiwa bado mgeni katika kaya ya mume wangu Masunga, alirudi kutoka bustanini akasema mti mwingine umekauka.

Ilikuwa miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa. Wanunuzi wapya walikuja na malori yao, na tulipouza, Masunga akanunua miche ya michungwa. Aliipenda kama ndama. Bwana shamba hakuonekana tena kijijini, na dawa za wadudu ziliuzwa gulioni ndani ya chupa za soda. Masunga aliyanyunyizia majani yaliyokuwa yakigeuka manjano, lakini hayakupona. Wewe usinunue dawa isiyo na jina, hata muuzaji akikuchekea vipi.

Sasa, jirani yetu Mayu Kabula, yaani Mama Kabula, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, alikuwa amepita akaisifu miti ile. Kwa hilo tu Masunga akaamua kwamba ameiroga. Jioni ile sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuwa na mkutano, na mtu akitajwa pale kuwa mchawi hutengwa: haombi moto kwa jirani, hachoti maji na wenzake. Masunga alikuwa anajiandaa kwenda kulitaja jina la Kabula.

Mama mkwe alikuwa anapeta mtama. Akamwuliza bila kuinua kichwa, "Umefukua shina?"

"Mama, uchawi haufukuliwi kwa jembe."

"Basi lichukue, tuone linavyoshindwa."

Mwanangu, sisi wafugaji tunadhani samadi haizidi. Mimi na Masunga tulikuwa tumeitoa zizini ikiwa mbichi, tukairundika hadi ikakumbatia shina. Alipofukua, chini ilikuwa bado na joto. Gome lilikuwa jeusi, laini, likabanduka kwa kidole kama ganda la muhogo uliochemshwa. Palipokauka, mchwa walikuwa wamejenga njia zao mpaka ndani ya mti. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mama mkwe akachungulia. "Samadi hii aliibeba nani? Kabula?"

"Mimi, mama. Na mke wangu."

"Basi nendeni mkutanoni mkajitaje."

Tuliondoa samadi yote, tukakwangua gome lililooza mpaka tukaona ubichi, tukaacha shina lipate hewa, tukazungushia majivu kuwazuia mchwa. Miti iliyokuwa imeliwa pande zote ilikufa. Mingine ilichipua upya.

Na Masunga alikwenda kweli mkutanoni, akasema ni samadi yake mwenyewe. Watu wakacheka. Lakini jana yake alikuwa ameshalisema jina la Kabula pale mashine ya kusaga, na maji yakimwagika hayazoleki. Wanawake walianza kuinua ndoo zao na kuondoka kila Kabula alipofika kisimani. Mvua hazijaanza, akahamia kwa binti yake, kijiji cha Mwandoya. Machungwa ya kwanza Masunga alimpelekea kwa baiskeli. Aliyapokea kwa mikono miwili, akampikia ugali na maziwa, wakaongea vizuri. Lakini kurudi Dutwa, Kabula hakurudi.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: ugonjwa wa mti hujionyesha kwenye majani, lakini mara nyingi unakaa chini. Ukiona manjano, usikimbilie dawa, wala usimkimbilie mtu. Angalia jani juu na chini, angalia shina kama lina matundu au unga wa mbao, kisha fukua. Ukikosea si aibu, hata sisi tulijifunza hivyo. Samadi ni chakula kizuri, ila iache ioze mpaka ipoe na inukie udongo.

Mungu akujalie miti yenye kuzaa na majirani wa kula matunda yake pamoja nao. Kesho, jua halijawa kali, kaisogeze samadi yako hatua moja kutoka kwenye shina.