Siku Niliyoposwa Tunduma

Ninyi mnaonicheka kila Jumapili tukitoka ibadani hapa Iyula mna haki yenu, maana ni kweli kwamba mimi, mwanamume mwenye ndevu na cheti cha darasa la kumi, niliposwa hadharani pale Tunduma, mbele ya watu wanaosubiri malori, na aliyeniposa alikuwa Mzungu mwenye kiko. Ila mnaposimulia mnachanganya mambo, kwa hiyo acheni nijiaibishe mwenyewe.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na huko Rodesia kwenye migodi ya shaba kulikuwa na shule ya watu wazima iliyotafuta mwalimu wa Kiingereza. Mkuu wake akanipa habari kwamba atafika Tunduma siku ya gulio, tuelewane masharti, nitie saini mkataba na kuondoka naye. Kijiji kikaniaga. Mbuzi akaliwa, kanisani wakaniimbia, mama akanifungia unga na kahawa ya kukaanga (kana kwamba Rodesia hawali). Nami nilikuwa nacheka na kila mtu, lakini mnanijua, mimi nikienda Igamba tu asubuhi, jioni nimeshaanza kuukumbuka moshi wa jikoni kwetu. Tena Kiingereza nakijua, ila kukitumia kujiombea kitu, ulimi hukauka. Ndipo nikaamua jambo dogo tu: nikamwomba Shangazi anisindikize, akaninenee.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, hakuwahi kujadili mkataba wa kazi. Alichojadili, na kwa hicho akajulikana mpaka Ibaba, ni mahari. Kwake yeye mtoto anayetoka nyumbani kwenda kuishi kwa watu anaozwa, basi, na taratibu ni zilezile.

Tukamkuta Bwana, yule mkuu wa shule, barazani kwenye nyumba ya wageni, karatasi mezani. Akaanza kueleza masharti, nami natafsiri. Shangazi, aliyekaa chini kwenye mkeka wake, alikuwa anatazama barabara.

"Mwambie," akasema, "sifungui kinywa kabla hajanifungulia."

Nikaeleza mila ya kifungua mdomo kwa Kiingereza huku jasho linanitoka. Bwana akajipapasa mifukoni, akakosa cha maana, mwisho akachomoa kalamu yake ya wino, akainama, akampa kwa mikono miwili. Shangazi akaifunga kwenye pindo la kaniki, akakohoa. Wanaume waliokuwa wanasubiri malori ya migodini wakaanza kusogea, na Mnamwanga mmoja mwenye blanketi begani akawaita wenzake, "Njooni, jamani, mwalimu anaolewa."

Sasa, anayeposwa kwetu huinamisha kichwa na kunyamaza, na Shangazi alikuwa ameniamuru niiname. Lakini mkalimani ni nani? Ni mimi. Basi fikirini, kichwa kiko magotini, na Kiingereza kinatoka huko chini kama sauti ya mtu aliyeanguka kisimani.

"Kwanza tunataja ila za mtoto," akasema Shangazi, "asije akaturudishia baadaye. Huyu wetu ni mwoga wa upweke. Akilala nyumba peke yake anaegemeza kinu mlangoni. Alipopelekwa shule ya mbali alitoroka, akakutwa njiani anafuata ng'ombe wa watu kwa sababu tu walikuwa wanaelekea huku kwetu. Tafsiri yote, baba, usipunguze."

Nikatafsiri yote. Kinu na ng'ombe, vyote. Waliomsikia Shangazi walikuwa wameshacheka; walioelewa Kiingereza wakacheka mara ya pili.

Bwana hakucheka. Alitoa kiko mdomoni. Shangazi akataja anachotaka: nyumba yenye majirani, mtoto arudi kila mavuno ya kahawa, na akifa asizikwe ugenini. Bwana akasema karatasi yake haina likizo mpaka mkataba uishe.

"Muulize, yeye alipotoka kwao, nani alimnenea?"

Nikauliza. Bwana akajibu kwamba hakuna. Aliondoka kijana, na mama yake amefariki yeye akiwa huku. Akaliangalia pindo la kaniki, akasema, "Mwambie nakubali. Yote."

Kicheko kikazimika kama moto uliomwagiwa maji. Yule Mnamwanga mwenye blanketi, mchokozi yuleyule, akaja akachuchumaa mbele ya mkeka. "Shangazi, mimi huko nimeweka dole gumba kwenye mikataba miaka yote, na hakuna aliyewahi kuniulizia hata pa kulala. Ninenee na mimi." Nyuma yake akachuchumaa mwingine, na mwingine. Nikainua kichwa, nikasahau mila. Nilimleta Shangazi nijifiche nyuma yake, kumbe nilikuwa sijapata kumwona alivyo mkubwa.

Ikabaki saini tu, na kalamu iko kwenye pindo.

"Kalamu itatoka mtoto akikubali," Shangazi akasema, akanigeukia. "Baba, unamfahamu bwana huyu? Tupokee?"

Neno moja tu lilitakiwa, ndiyo, na nilikuwa nalo. Nikafungua mdomo mbele ya Tunduma nzima, kikatoka kilio. Nililia, ndugu zangu, kamasi na yote.

"Huyo sasa ndiye bibi harusi," mtu akasema.

Shangazi akauliza tena, polepole, kwa sauti aliyonitumia nikiwa mtoto mwenye homa. Nikatikisa kichwa kukataa.

Akafungua pindo airudishe kalamu. Bwana akaufumba mkono wa Shangazi juu ya kalamu. "Aitunze," akasema. "Labda siku moja kijana atajibu." Hayo nayo nikatafsiri, pua imeziba. Bwana akamvulia kofia Shangazi, akaondoka peke yake.

Nikarudi kijijini kwa watu waliokula mbuzi wangu. Mama akafungua ule unga, akasonga ugali.

Shida ni kwamba kwetu kitu kisiporudishwa, mtoto bado amechumbiwa, na kalamu Shangazi anayo hadi leo. Ndiyo maana malori yakirudi kutoka Rodesia hakosi mtu wa kuniita, "Mwalimu, mchumba wako anakusalimia." Nimeapa sitampeleka tena Shangazi kwenye jambo ambalo moyo wangu haujalikubali, maana cheti changu hakimbabaishi, yeye huuliza moyo. Lakini siku za gulio bado tunakwenda Tunduma, yeye anawanenea wanaokwenda migodini na mimi natafsiri, kichwa juu, kwa kuwa anayeposwa si mimi.