Dativa na Kipindi cha Alhamisi

Usiku ule umeme haukukatika, nami niliomba ukatike. Nilikuwa nimekaa mkekani nyumbani kwa Dativa, katikati ya watu wanaocheka, na mwenye nyumba mwenyewe hayupo. Alikuwa hospitali na binti yangu Imani, aliyeshikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Mimi niliyemzaa Imani nilikuwa mbele ya televisheni ya mwanamke huyo, nasubiri habari.

Mume wangu Abilahi alikuwa amelifuata kwa baiskeli gari lililowapeleka. Majirani walisema akirudi atapita kwanza kwa Dativa, maana ndiko mtaa mzima ulikokusanyika. Hata hilo liliniuma.

Dativa alikuja mtaani kwetu Mtanda kutoka Newala na mumewe Sipriani, fundi wa kujenga. Sipriani alifariki, akamwacha na nyumba ya vyumba viwili, bila mtoto. Sisi tulidhani atarudi kwao. Lakini zilikuwa zimeingia enzi za ruksa, kila mtu anauza anachoweza, naye akaingia kwenye mitumba. Alikuwa akipanda juu ya kigoda pale sokoni, anapeperusha sketi na kupiga kelele: "Vaeni, jamani! Aliyeivaa mwanzo hatakuja kuidai!" Watu walikuja kucheka, wakaondoka na nguo. Haikupita muda akaleta televisheni kutoka Dar es Salaam, na dishi likafungwa juu ya bati lake. Ndiyo ya kwanza mtaani kwetu.

Alhamisi ndiyo iliyokuwa siku ya "Kwa Mzee Songoro". Kilikuwa kichekesho cha familia moja: baba mbishi, mkewe Mama Chiku, watoto wao, na shemeji aliyekuja kusalimia akabaki miaka yote. Kilipoanza, Imani alikuwa kibogoyo wa meno ya mbele. Dativa alitandika mikeka, akaacha mlango wazi, hakumtoza mtu. Alikuwa akimjibu Mzee Songoro kabla mkewe hajamjibu, na mara nyingi jibu lake lilikuwa kali zaidi. Watoto walimwita Ma Dati. Wa kwangu alianza kucheka kama yeye, kichwa nyuma, mkono kifuani. Kwangu alikuja kulala tu.

Nilijaribu. Alhamisi moja nilipika mikate ya kumimina, nikasema leo atakaa. Imani aliufunua mkate mmoja, akavuta harufu, akafurahi kweli.

"Mama, huu mtamu! Ngoja nimpelekee Ma Dati kipande."

Akaondoka na sahani. Sahani ikarudi kesho yake, imeoshwa, ina embe mbili juu. Sikuzila.

Alipoolewa na Yunusu wa Kitomanga, nililia mbele za watu kama mama yeyote. Moyoni nilishukuru. Kitomanga hakuna Dativa.

Kisha akapata mimba, na kwetu mwenye mimba ya kwanza hujifungulia kwa mama yake. Mama ndiye anayempokea mzazi, anamkanda kwa maji ya moto, anamfunga tumbo kwa kanga, anampikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini ipite. Hiyo haki hainunuliwi sokoni. Nilipaka chumba chokaa, nikashona neti upya. Imani akaja na begi lake. Nilidhani nimerudishiwa mwanangu.

Mwezi huohuo wakatangaza kwamba "Kwa Mzee Songoro" kinafikia mwisho. Mzee Songoro amestaafu, anataka kuihamishia familia kijijini kwao. Basi kila Alhamisi wanafungasha, na kila Alhamisi wanashindwa kuondoka. Mara lori limeharibika, mara mbuzi kapotea, mara shemeji kajifungia chooni. Mtaa mzima ulibishana watahama au hawatahama. Imani, na tumbo lake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika.

Siku moja nilipita nyuma ya dirisha la Dativa. Sikuwa na shughuli huko, nilipita tu. Nikaona miguu ya mwanangu iliyovimba imewekwa mapajani mwa Dativa, anaisugua kwa mafuta ya nazi, huku macho yao wote wawili yako kwenye televisheni. Nilirudi nyumbani nikamsubiri mlangoni.

"Kule kuna nini ambacho hapa hakuna?"

"Kule nacheka, mama."

"Na hapa?"

"Hapa unaniangalia mpaka nasahau kumeza."

Alhamisi ya mwisho, siku ya kipindi kirefu kuliko vyote, nilikataa kwenda. Nilikaa kwangu, mlango nusu wazi, nasikiliza vicheko vya ng'ambo ya njia, kwa Dativa. Ghafla vikanyamaza. Nikasikia wanawake wanaitana, gari likawashwa. Mpaka nimejifunga kanga na kutoka, lilikuwa limeshakata kona.

"Ma Dati kamkimbiza hospitali," jirani akaniambia. "Kasema usishtuliwe, una presha."

Presha ninayo. Ila sijui nani kanipa kama si yeye.

Ndivyo nilivyojikuta mkekani kwake. Abilahi aliporudi alikuwa ametota jasho.

"Bado. Wameruhusu mwanamke mmoja tu abaki naye."

"Nani?"

Abilahi akaangalia baiskeli. "Nesi aliuliza mama wa mzazi yuko wapi. Mimi ndio kwanza nafika. Dativa keshasema ni yeye."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema nini, mama Imani? Imani analia kule ndani!"

"Shhh!" watu wakatufokea. "Lori linaondoka!"

Sikuwa na pa kwenda. Nikaangalia. Mzee Songoro amepanda lori na godoro na mbuzi, Mama Chiku analia, watoto wanapunga mikono. Safari hii wakaondoka kweli. Nyumba ikabaki tupu, halafu kabati likafunguka, shemeji akatoka, akavua viatu, akajilaza sakafuni kama sultani. Nikacheka. Mwanangu yuko kwenye uchungu na mwanamke mwingine kajiita mama yake, nami nikacheka. Nilijichukia, lakini nilicheka.

Habari njema ilikuja kulipokucha: mtoto wa kike, wote salama. Nikachemsha maji, nikabandika uji, nikatandika shuka safi. Gari liliporudi lilisimama katikati ya njia, baina ya nyumba zetu mbili. Aliyetangulia kushuka ni Dativa, na mtoto kabebwa na yeye.

"Hongera, bibi!" wanawake wakampigia vigelegele. Bibi! Naye akacheka, kichwa nyuma.

Niliingia ndani nikafunga komeo.

Nikasikia hatua zikija taratibu, za mtu anayetembea kwa maumivu.

"Hodi, mama."

"Mlango wa mama yako uko ng'ambo."

"Mama, miguu inatetemeka."

Kisha sauti ya Dativa, ya chini, si ile ya sokoni.

"Dada Kudra, nilidanganya. Ningesema mimi jirani wangenitoa, Imani angebaki peke yake. Mpokee mwanao. Mimi kukanda mzazi nakujulia wapi? Nilichowahi kukanda ni unga."

Imani akacheka hapohapo kwenye maumivu yake, akaguna, akacheka tena. Maneno Dativa anayo, ndiyo yaliyomuuzia mitumba. Nikanyoosha mkono kwenye komeo, nikaurudisha.

"Wewe Imani uingie," nikasema. "Jirani tumemshukuru, akapumzike kwake."

"Mama, kwani walihama?"

"Nani?"

"Wa Mzee Songoro. Hatukuona mwisho. Wamesema uliona."

Nilisimama na siri ile kifuani. Kitu kimoja tu nilichokuwa nacho ambacho Dativa hakuwa nacho.

"Ingia nikusimulie."

"Na yeye hakuona, mama. Nikiingia, tunaingia wote."

"Na asipoingia?"

Nilisikia kiganja chake kikiegemea mbao, na pumzi yake, fupi fupi, kama alipokuwa mdogo ana homa. Nyuma yake mtoto akaanza kulia. Sauti yake sikuwa nimeisikia bado. Mtaa mzima ulikuwa umeshaisikia, isipokuwa mimi.

Maji yalikuwa yanachemka jikoni. Yakipoa hayafai tena kumkanda mzazi.

Nikavuta komeo. Aliingia Dativa kwanza, kwa kuwa mtoto alikuwa mikononi mwake, na alitanguliza mguu wa kulia, kama inavyotakiwa.