Khitma Aliyoipika Mfiwa

Mwanangu husema binaadamu kaumbwa mwema. Kila Jumamosi hupanda gari akenda milimani, akakaa juu ya jiwe peke yake, simu kaizima, akirudi uso kama wa mtu aliyetoka kuoga. "Baba, ndani ya kila mtu mna nuru," huniambia. "Hahitaji kufundishwa wema, auwachie tu utoke."

Mie skuli nliishia darasa la nne, huko Unguja, na mwalimu mwenyewe kazi yake kusinzia, lakini hayo tuyawache. Nkamuuliza, "Nuru hiyo inafika mpaka jikoni?"

Akacheka. "Wewe baba na maneno yako!"

Jikoni kwetu hapa Maskati yumo dada mmoja wa Tanga, mtumishi. Mke wa mwanangu alimchagua kwa kuwa anasema Kiswahili kama sie. Anakula na sie, anatutania, mie ananiita babu. "Huyu si mtumishi, huyu wetu," mkwe wangu huwaambia wageni. Na mtu wenu hapewi siku ya kupumzika, maana mtu hupumzika na nyumba yake?

Mwezi wa Shaabani ikaja khabari: mamake yu kitandani, hainuki. Akaomba ende akamuone. Mkwe wangu akamshika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, na wallahi yalikuwa ya kweli. "Dada yangu, Ramadhani hii hapa, na futari watu watajaa. Idi ikipita tu, tiketi juu yetu."

Nkasema, "Mpeni pasi yake ya kusafiria ende. Sie tutafuturu tende."

"Baba, usimtie wasiwasi," mwanangu akasema. "Mwenyewe karidhika."

Karidhika! Pasi yake imo kabatini mwenu, mlitaka aseme nini?

Mama akafa katika kumi la mwisho. Akazikwa, mwanawe yuko Maskati anakaanga sambusa.

Nyumba nzima ililia. Idi ilipokwisha wakamfanyia marehemu khitma, tena kubwa, mbuzi wakachinjwa, wanaume ukumbini, wanawake juu. Nkenda jikoni kutaka maji, nkamkuta mfiwa mwenyewe kajifunga kanga, anageuza wali.

"Mwanangu, wewe ndo mwenye msiba. Kakae na wenzio umsomee mamako."

"Nikikaa, babu, nani atapakua?" Akafuta jasho kwa mkono. "Na usiende kuwaambia. Watakuja hapa kuniomba radhi mpaka wali uungue."

Nkarudi ukumbini. Mwanangu akaninong'oneza, macho mekundu kwa kulia: "Unaona, baba? Watu wote hawa, kwa mama wasiyemjua. Bado utasema binaadamu mbaya?"

Mtu mbaya nnajua la kumwambia. Angenitukana, nngemtukana, dada yule angepata pasi yake au angekosa, tukajuana. Hawa wangu ni wema, wanalia, utawashika wapi?

Masinia yakaanza kuingia. Mkwe wangu akachungulia ngazini, akaita kwa sauti laini kabisa:

"Dada yangu, na ndimu usisahau."